Kwa Wafinyanzi wa Ikombe

Akina mama wengi wa Nyanda za Juu Kusini tuna chungu cha Kikisi nyumbani. Labda kiko jikoni na maharage, labda kiko pembeni mwa sebule na maji ya kunywa. Tunakinunua sokoni au kando ya barabara kuu, tunaomba kupunguziwa bei, tunakifunga kwenye kitenge na kupanda nacho basi. Lakini ni wachache kati yetu tuliofika kule kinakotoka, au tuliomwona mama aliyekifinyanga. Idara ya wanawake ya usharika wetu ilipokwenda Matema kwa semina, niliomba ruhusa nyumbani nibaki siku mbili zaidi, nikaenda kuwatazama wafinyanzi kwa macho yangu.

Matema iko kwenye pembe ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, wilayani Kyela. Ukitoka Mbeya unapita kwanza Tukuyu, penye migomba, chai na baridi, kisha unateremka, unateremka tena, mpaka sweta uliyovaa asubuhi inakuwa mzigo. Chini ni bonde la Kyela, mashamba ya mpunga na miti ya kakao. Unapita Ipinda, na mwisho wa safari unaliona ziwa, na upande wa kushoto Milima ya Livingstone imesimama wima kama ukuta uliojengwa majini. Ziwa hili ni la tatu kwa ukubwa barani Afrika, baada ya Victoria na Tanganyika, na kina chake hufika mita 700 hivi. Ukitazama jinsi mlima unavyozama ndani ya maji utaamini.

Wamisionari wa Kilutheri kutoka Berlin waliingia katika nchi ya Wanyakyusa mwaka 1891, na hata leo Matema ina hospitali ya Kanisa. Mimi, kwa tabia ya kazi yangu, nilipita kwanza kuwasalimu wauguzi. Hao ndio walionielekeza: soko la vyungu ni Lyulilo, siku ya Jumamosi, unatembea tu kwa miguu ukifuata ufuko. Lakini ukitaka kuwaona wakifinyanga, basi nenda Ikombe kwa mtumbwi.

Kwa nini vyungu vitoke hapa na si penginepo? Jibu unaliona ukiwa ndani ya mtumbwi. Wakisi wanaishi kwenye ukanda mwembamba kati ya mlima na maji. Nyumba zimebanana penye nafasi, na mashamba yamening'inia kwenye miteremko. Ardhi ya namna hiyo hailishi watu wengi. Kwa hiyo tangu zamani wanaume wamevua samaki, na wanawake wamefinyanga vyungu, navyo vimesafiri kwa mitumbwi kwenda kubadilishwa na mahindi, mchele na ndizi za Wanyakyusa wa bondeni. Kwa mama wa Kikisi, chungu ndicho shamba.

Jumamosi pale Lyulilo niliona mitumbwi ikifika imejaa, vyungu vimepangwa na kutenganishwa kwa nyasi kavu visigongane. Vikubwa vya maji, vya kati vya kupikia, vidogo vya mboga. Wachuuzi wa mjini wanavifunga kwenye matenga ya miti tayari kwa malori. Nilisikia mnunuzi mmoja akisema kwa sauti, "Udongo tu huu, mbona bei kubwa hivi?" Mama mwenye vyungu hakumjibu. Alikigeuza kile chungu, akakirudisha mahali pake.

Ningependa yule mnunuzi angekuwa nami kesho yake.

Mama wa Ikombe

Mwenyeji wangu alikuwa mama wa makamo, mkubwa kwangu kwa miaka kama kumi na mitano. Nilimwamkia "Shikamoo mama," akaitikia na kunipa kigoda. Binti yake wa mwisho, aliyekuwa akingoja matokeo ya kidato cha nne, alikuwa akitwanga udongo kwenye kivuli cha mwembe.

Si kila udongo unafinyangika. Mfinyanzi huchukua donge, akalivingirisha viganjani liwe kama kidole, kisha akalipinda. Likipinda bila kupasuka, udongo una mnato wa kutosha. Likipasuka, halifai, au linahitaji kuchanganywa na jingine. Udongo wenye mnato kupita kiasi nao una taabu yake, maana ukikauka unasinyaa sana na kupasuka. Ndiyo maana wafinyanzi wa sehemu nyingi huchanganya mchanga, au vigae vya vyungu vilivyovunjika vikiwa vimetwangwa. Chembe hizo huupa udongo nafasi ya kupumua wakati wa kukauka na wakati wa moto. Baada ya hapo ni kutwanga na kukanda, kuondoa kila kijiwe na kila kiputo cha hewa. Anayekanda unga wa chapati kwa watu kumi aelewe kwamba hapa ni zaidi, na mikono inauma vilevile.

Mama alitwaa donge kubwa, akaliweka juu ya sahani ya udongo ambayo kitako chake ni cha mviringo. Sahani ile huzunguka chini kwa kusukumwa na mkono. Mkono mmoja uliizungusha, mwingine ukawa ndani ya donge ukivuta udongo kwenda juu. Kwingineko, kama kwa Wajaluo wa Kenya, mfinyanzi hupandisha ukuta kwa kuongeza pindi za udongo, moja juu ya nyingine, akizibana kwa vidole. Huku chungu kilichomoka chenyewe mbele ya macho yangu, kama mtoto anayetangulizwa na kichwa. Kwanza alitengeneza mdomo, akaulainisha kwa jani lililolowa maji. Kitako alikiacha kinene, cha kumalizia baadaye.

Nilipenda jinsi wanavyokitaja chungu kama mtu. Kina mdomo, shingo, mabega, tumbo na kitako. Na kila kiungo kina sababu. Kitako ni cha mviringo kwa sababu kinakaa juu ya mafiga matatu, juu ya ngata kichwani, na juu ya mchanga wa sakafu, bila kuyumba. Pia chungu kisicho na kona hupata joto sawasawa pande zote. Penye kona ndipo moto unapoanzia kupasua. Sisi wa mjini tunalalamika kwamba hakisimami mezani. Chungu hakikufanyiwa meza, mpatie kigoda cha duara au ngata ya kitambaa.

Tumbo ni pana ili lichukue kingi, na ukuta ni mwembamba ili chakula kiive kwa kuni chache. Wembamba huo haupatikani siku ya kwanza. Chungu huachwa kivulini mpaka kikauke nusu, kiwe kigumu kama ngozi mbichi. Hapo ndipo hugeuzwa, na kitako kile kinene kikaparuzwa taratibu kwa kipande cha chuma mpaka kifanane na ukuta. Mama alikuwa akikigonga kwa kidole na kusikiliza, kama daktari anavyogonga kifua cha mgonjwa. Akiparuza kidogo mno, chungu kitakuwa kizito na kitapasuka motoni. Akizidisha, mkono unatokea upande wa pili.

Kisha hukisugua kwa jiwe laini la ziwani, udongo ukang'aa na vitundu vya juu vikazibana. Rangi ni udongo vilevile, mweupe na mwekundu, uliokorogwa na maji kuwa kama uji mwepesi. Nikamwuliza kwa nini nakshi anaziweka mabegani tu. Akacheka. "Tumboni zitaliwa na moshi, mwanangu. Na chungu kikiwa chini, wewe uliyesimama unaona nini?" Ni kweli, unaona mabega. Na mistari iliyochorwa kwa ncha ya kijiti inasaidia mkono usiteleze wakati chungu kimelowa.

Moto

Kukauka ni siku kadhaa, kivulini, bila haraka. Upepo ukipiga upande mmoja, upande huo husinyaa kabla ya mwenzake na ufa unaanza. Siku ya kuchoma, vyungu hupashwa joto kwanza, kwa sababu maji yaliyobaki ndani ya ukuta yakichemka ghafla hugeuka mvuke na kukilipua chungu. Nilisikia mlio huo mara tatu siku ile, na kila mara mama alitaja kwa jina kile alichodhani kimekwenda.

Hapakuwa na tanuri la matofali. Ni kuni chini, vyungu vimepangwa, nyasi na magome juu, kisha moto. Moto wa wazi kama huo hufika nyuzi za Selsiasi kati ya 600 na 900. Hapo udongo unaachana na maji yaliyofungamana nao kwa asili, yale ambayo jua haliwezi kuyatoa, na tangu hapo hautarudi kuwa tope hata ukiloweka mwaka mzima. Chuma kilichomo udongoni kikipata hewa ya kutosha, chungu huwa chekundu. Pale moshi ulipokibania panabaki baka jeusi. Wanunuzi wengi hukataa chungu chenye baka. Nawaambia lile ni alama ya moto, halina ubaya wowote.

Nikiwa pale ndipo nilipoelewa kwa nini nabii Yeremia anasimuliwa habari mbili tofauti, katika sura ya 18 na ya 19. Katika ya kwanza chombo kinaharibika mkononi mwa mfinyanzi, naye anakifinyanga upya. Katika ya pili gudulia lililokwisha kuchomwa linavunjwa, na halitengenezeki tena. Nimesikia mahubiri mengi yakizichanganya. Mama yule wa Ikombe asingezichanganya, maana vyungu vilivyoharibika kabla ya moto huvirudisha kwenye donge bila hata kuugua. Vile vitatu vya siku ile vilikwisha kuwa vigae.

Swali aliloniuliza

Jioni, tukila samaki, aliniuliza kazi yangu. Nikamwambia mimi ni muuguzi, na kwa sehemu kubwa nafanya kazi kliniki ya mama na mtoto. Akaniangalia.

"Basi ninyi ndio mnaowaambia watu waache vyungu, wanunue ndoo za plastiki zenye koki."

Swali halikuwa la mzaha. Pwani hii imeonja kipindupindu, na kila mlipuko unapotokea sisi watu wa afya tunahubiri ndoo yenye mfuniko na koki. Yeye amesomesha watoto kwa vyungu. Kila ndoo tunayoisifia ni chungu kimoja hakikununuliwa.

Nilimjibu hivi, nanyi wasomaji nawaambia vilevile. Chungu hakina kosa. Maji hupenya polepole kwenye vitundu vya ukuta wake, yakakauka kwa nje, na yanapokauka huondoka na joto. Ni kama tunavyompoza mtoto mwenye homa kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu. Kwa hiyo maji ya chungu ni baridi bila friji wala umeme, na mtoto anayakubali kuliko ya ndoo iliyoshinda juani. Lakini chungu hupoza tu, hakisafishi. Na hatari iko mdomoni: mdomo mpana, usiofunikwa, na kila anayekuja anachovya kikombe pamoja na vidole. Mama anaweza kuchemsha maji yake vizuri asubuhi, na saa nne mkono mmoja uliotoka chooni ukayaharibu yote.

Watu wa pwani walijua jambo hili zamani. Gudulia lina shingo nyembamba, unamimina, huchovyi. Kule Nyanza nchini Kenya, miaka ya mwisho ya 1990 na mwanzo wa 2000, wataalamu wa afya walishirikiana na akina mama wafinyanzi wakatengeneza vyungu vyenye mdomo mwembamba, mfuniko na koki, kwa sababu familia zilikuwa zimesema wazi kwamba zinapenda maji ya chunguni. Hawakuwalazimisha kuhamia plastiki. Walibadilisha mdomo.

Mama akatikisa kichwa. "Mdomo mwembamba nitaweza. Lakini ataoshaje ndani?"

Hapo alinishika. Chungu cha maji lazima kioshwe ndani kila baada ya siku chache, maana hufanya utelezi, na utelezi huo ni makazi ya vijidudu. Mkono usipoingia, huoshi. Tukakubaliana kwamba mdomo uwe wa kupitisha mkono wa mama lakini uwe na kifuniko cha udongo kinachokaa barabara, na maji yatoke kwa koki. Binti yake akauliza tundu litatobolewa lini. Wakati chungu kimekauka nusu, alisema mama, si kabla wala si baadaye. Kikiwa kibichi tundu litajifunga, kikishachomwa utapata vigae. Na tundu liwe kubwa kuliko koki, kwa sababu udongo husinyaa ukikauka na husinyaa tena motoni. "Lete hiyo koki niipime," akasema, "maana ninyi mkileta ya ukubwa mwingine baadaye, mtasema mfinyanzi hajui kazi."

Shida iliyobaki ni ya fedha. Koki nzuri pamoja na mipira yake inaweza kuwa na bei kuliko chungu chenyewe. Na mfinyanzi akitoboa tundu, mnunuzi asiyetaka koki hatakinunua tena. Kwa hiyo hawezi kuvifanya vingi kwa matumaini tu, anahitaji mtu aliyekwisha kuagiza. Kwangu mimi hilo ni jambo ambalo vikundi vyetu vya akina mama vinaweza, kuliko kungoja mradi wa wafadhili.

Binti alisikiliza yote haya akiwa kimya. Mama yake hana hakika kama atabaki kwenye ufinyanzi, wala hamlazimishi. Nilimsimulia habari za Ladi Kwali, mfinyanzi wa Nigeria aliyejifunza kwao kijijini, ambaye picha yake iko nyuma ya noti ya naira 20. Nikamtajia na Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi mwaka 1950, aliyekwenda kujifunza huko Abuja, na leo vyungu vyake vimewekwa katika majumba makubwa ya makumbusho, likiwemo British Museum la London. Akaniuliza kama vyungu hivyo vinapikiwa. Nikasema havipikiwi. Alionekana kusikitika.

Kabla hujanunua

Kwa kuwa wengi mtakutana na vyungu hivi barabarani, haya ndiyo niliyoambiwa. Kikalishe kiganjani, ukigonge kwa kifundo cha kidole. Kikilia kama kengele ni kizima, kikilia kama ubao kina ufa. Kitie maji. Kikitoa jasho mwili mzima ni sawa, lakini maji yakichuruzika mahali pamoja kirudishe. Cha kupikia, kabla ya siku ya kwanza, kiloweke, kisha upike ndani yake uji mwepesi kwa moto mdogo, uache upoe humo humo. Wanga huziba vile vitundu. Usimimine maji baridi kwenye chungu cha moto. Cha maji usikioshe kwa sabuni yenye manukato, utakunywa manukato hayo wiki nzima. Tumia brashi na maji moto, kisha anika juani. Kama unatumia dawa ya klorini, tibu maji kwanza kwenye ndoo, yakae nusu saa, ndipo uyahamishie chunguni, na yawe ya siku moja tu, kwa sababu dawa huisha nguvu upesi zaidi ndani ya udongo.

Vyungu hivi havina ule mng'ao wa kioo. Vyombo vya udongo vya kung'aa vya asili isiyojulikana usivitilie ndimu, ukwaju wala siki, kwa sababu baadhi ya rangi hizo zina risasi, na risasi hudhuru ubongo wa mtoto. Na ninyi wajawazito, udongo ni wa kufinyangia. Ule wa kutafuna unaouzwa sokoni mara nyingi huendana na upungufu wa damu, kwa hiyo ukiutamani sana nenda kliniki upimwe.

Koki nilimpelekea kwa mkono wa mmoja wa wauguzi wa Matema. Kikundi chetu kimeagiza vyungu sita, vinne vya kawaida na viwili vyenye tundu. Ameleta ujumbe kwamba tungoje mvua ziishe, kwa sababu masika vyungu havikauki na kuni zina maji.